Duka Mkononi: Mtaji Unaishia Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Mwanza na visiwani, na nyingi zinalia kilio kimoja: wateja wapo, simu hazinyamazi, lakini fedha haionekani. Maswali tumeyafupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo hesabu inahitaji nafasi.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nauza dagaa kwa WhatsApp na Instagram. Nanunua soko la Mwaloni, Kirumba, kilo Sh 7,000, nafungasha nusu kilo na kuuza Sh 6,000. Ndani ya jiji nampelekea mteja bure. Kwa hesabu yangu kila paketi inanipa Sh 2,500, na wateja sikosi. Ila kila nikirudi Mwaloni nanunua kilo chache kuliko mara iliyopita. Nakosea wapi?
*Binti wa Pasiansi*

JIBU: Marahaba, binti. Hesabu yako imeanzia kwenye kilo ulizonunua, wakati unachouza ni kilo zilizobaki baada ya kupepeta. Tuchukue mfano wa kilo 20. Umelipa Sh 140,000. Ukishatoa mchanga, vumbi, magamba na dagaa waliovunjika, tuseme zinabaki kilo 17 na nusu. Hizo ni paketi 35. Gawanya 140,000 kwa 35: dagaa peke yake ndani ya paketi moja ni Sh 4,000, si 3,500 kama ulivyodhani. Sh 500 imekwishapotea kabla hujagusa kifungashio.

Sasa endelea. Mfuko na lebo, tuseme Sh 450. Bodaboda ya kuleta mzigo kutoka Mwaloni Sh 3,000, ukigawa kwa paketi 35 ni kama Sh 86. Bando la wiki Sh 10,000, ni Sh 286 kwa paketi. Siku mbili za kupepeta, kupima na kufunga, na hapa wengi hujisahau, zina thamani: ungemlipa mtu Sh 10,000 kwa siku, kwa hiyo Sh 20,000, yaani Sh 571 kwa paketi. Jumla imefika Sh 5,393. Ongeza asilimia 5 ya paketi zitakazopasuka, kupata ukungu au kutolewa kama vionjo, unafika Sh 5,663. Ukiuza Sh 6,000, umebakiwa na Sh 337.

Halafu unampa bodaboda Sh 2,000 apeleke paketi moja Mkolani. Mteja huyo amekugharimu Sh 1,663 kutoka mfukoni mwako. Kadiri wateja wa paketi moja moja wanavyoongezeka, ndivyo mtaji unavyoyeyuka haraka. Biashara haina mkosi wowote, binti. Inaliwa na usafiri wa bure.

Tiba yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni bei. Kwa gharama hizo, Sh 7,500 inakuachia Sh 1,837 kwa paketi. Lakini angalia vizuri: hata kwa bei hiyo, paketi moja ikipelekwa bure bado inakutia hasara ya Sh 163. Kwa hiyo sehemu ya pili ni kuweka kiwango. Mteja akichukua paketi 4 unabaki na Sh 7,348, ukitoa usafiri unasalia na Sh 5,348, na hapo "bure" ina maana. Chini ya paketi 4, mteja alipe usafiri au afuate mwenyewe.

Njia nyingine inayofaa sana kwa jiji lilivyokaa ni kupeleka kwa siku na kwa barabara. Mwanza ina njia kuu tatu za kutokea mjini. Jumanne iwe ya barabara ya Shinyanga: Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa. Alhamisi iwe ya barabara ya Musoma: Mabatini, Nyakato, Igoma hadi Kisesa. Jumamosi iwe ya upande wa uwanja wa ndege, ambako ndiko kwako. Bodaboda mmoja, mizigo sita au saba, bei ya safari moja mliyopatana mapema. Watangazie wateja siku hizo na uzishike. Mteja anayejua kwamba Alhamisi mzigo unafika Igoma hakupigii simu kila saa.

Kuna jambo jingine la dagaa ambalo wauzaji wa mtandaoni hulisahau, nalo ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi mingi hupumzika, dagaa huadimika na bei ya Mwaloni hupanda. Usiandike kwenye katalogi bei ya kudumu iliyopimwa kwa dagaa wa giza, ukaja kununua kwenye mbalamwezi. Ama ununue akiba wakati wa giza, ama uandike chini ya bei: "Bei hii ni hadi tarehe fulani." Na msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, dagaa hukauka kwa shida, kwa hiyo asilimia 5 yetu ya uharibifu unaweza kuipandisha hadi 10 bila kuionea aibu.

Ukungu ndani ya paketi una sababu mbili za kawaida. Dagaa hawakukauka hadi ndani, au wamefungwa wangali na joto la jua. Mvunje mmoja: aliyekauka hukatika kwa mlio, asiyekauka hupinda. Wakitoka juani waache wapoe kivulini kwenye chombo kipana kabla ya kufunga, la sivyo joto hutoa jasho, jasho hugeuka matone kwenye plastiki, na wiki haiishi utaona utando mweupe. Mfuko mwembamba hutobolewa na vichwa na miiba, kwa hiyo tumia mifuko minene ya kusimama yenye zipu. Nunua dagaa walioanikwa kwenye vichanja au nyavu badala ya waliomwagwa mchangani, hata kama kilo inazidi mia chache. Mchanga unaoupepeta umeununua kwa bei ya dagaa.

Picha zako (umetutumia tatu) ni nzuri lakini hazisemi kitu. Weka paketi juu ya mizani inayosoma gramu 500, mchana, kivulini karibu na dirisha, bila taa ya simu. Kisha andika bei. Hapa tunasema bila kuzungukazunguka: "bei njoo inboksi" inafukuza wanunuzi. Aliye tayari kununua anataka vitu vinne kabla hajakuandikia: bei, uzito, ulipo, na siku atakayopata mzigo. Asipoviona, anapita kwa mwingine. Anayekuja inboksi kuuliza bei tu, mara nyingi huondoka nayo, na wewe umetumia dakika kumi na bando.

SWALI: Mteja alinitumia skrinshoti ya muamala, nikampa bodaboda viatu jozi mbili. Jioni nikaangalia salio, hakuna kitu. Namba yake haipatikani. Nifanyeje isirudie?
*Muuza viatu, Makoroboi*

JIBU: Pole sana, ndugu. Skrinshoti si malipo, na ujumbe mfupi wenyewe si malipo. Malipo ni salio lako kuongezeka. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huingia kwa jina la huduma na kukaa kwenye mfululizo uleule wa jumbe zako za zamani. Wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu, au huandikwa kwenye programu ya picha. Usijifunze kutambua maandishi yao, maana nao wanajifunza. Jifunze kuangalia salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa.

Fanya hivi kila mara, hata kwa mteja unayemfahamu. Chukua Lipa Namba ya biashara, iwe kwenye laini ambayo haitumiki kwa mambo ya nyumbani. Mteja akilipa, jina la duka humtokea kabla hajaweka namba ya siri, hivyo hata yeye anajua hajakosea. Bodaboda asiondoke mpaka wewe, si mteja, umesema fedha imeingia. Mkikubaliana alipe akipokea, bodaboda abaki na mzigo mkononi hadi umpigie. Mweleze hilo mbele ya mteja siku ya kwanza na hakuna atakayekasirika baadaye.

Kuna hila ya pili ambayo watu hawaijui sana. Mnunuzi analipa kweli, anapokea mzigo, kisha anapiga huduma kwa wateja wa mtandao wake akidai alikosea namba, arudishiwe. Silaha yako hapo ni maandishi: oda yake kwenye WhatsApp yenye bidhaa, saizi na bei, muda wa muamala, na picha ya mzigo ukikabidhiwa. Ndiyo maana oda ya kupiga simu inafaa kumaliziwa kwa ujumbe: "Nathibitisha jozi 2, saizi 41 na 43, Sh 70,000, kupeleka Buzuruga." Mteja akijibu "sawa", umepata ushahidi.

Namba za matapeli wanaotuma "ile hela tuma kwenye namba hii" ziripoti kwa kuutuma ujumbe huo kwenda 15040. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ifutwe.

SWALI: Nina blogu ya mapishi ya samaki na kupitia hiyo nauza viungo nilivyosaga. Makala zimefika 60 lakini wasomaji hawazidi kumi kwa siku, na wengi ni ndugu zangu. Niongeze makala?
*Mpishi, Buswelu*

JIBU: Usiongeze. Tengeneza kwanza hizo 60, au tuseme 20 zilizo bora kati yake.

Tumeipitia orodha uliyotutumia. Vichwa vingi ni vya aina ya "Utamu wa leo" na "Mapishi ya Jumapili". Hakuna mtu duniani anayeandika maneno hayo kwenye Google. Mtu huandika shida yake: "jinsi ya kukaanga sato asishike kwenye kikaango", "dagaa wa nazi bila uchungu", "namna ya kutoa shombo ya sangara". Kila makala ibebe shida moja, shida hiyo iwe ndiyo kichwa, na jibu lianze kwenye aya ya kwanza. Msomaji anayepika sasa hivi hana muda wa historia ya bibi yako kabla ya kuambiwa kikaango kipate moto kwanza, mafuta yafuate, na samaki afutwe maji. Anayetaka mengi ataendelea chini, na hapo ndipo viungo vyako vitajwe, kwa gramu na kwa bei.

Kosa la pili ni zito kuliko unavyodhani, nalo ni picha. Picha ya simu ya kisasa hufika megabaiti 3 hadi 5. Makala yako ya sato ina picha 10, kwa hiyo msomaji anavuta megabaiti kama 40 za bando lake ili asome aya tano. Wengi wanafunga ukurasa kabla haujafunguka. Punguza upana wa picha uwe pikseli 1,200, kisha ibane kwa programu kama Squoosh, inayofanya kazi kwenye kivinjari bila malipo, ukiweka ubora kwenye 75 hivi na umbo la WebP au JPEG. Picha nyingi zitashuka hadi kilobaiti 100 au 200. Kumi zake hazizidi megabaiti 2. Kabla ya kupandisha, badilisha jina la faili kutoka IMG_2034 liwe sato-wa-kukaanga, na jaza sehemu ya maelezo ya picha kwa sentensi moja.

Kisha ingia Google Search Console, ni bure. Thibitisha kwamba blogu ni yako, wasilisha ramani ya tovuti (kwa Blogger ni anwani yako ikifuatiwa na /sitemap.xml), na usubiri wiki kadhaa takwimu zijae. Fungua sehemu ya utendaji (Performance). Utaona maneno ambayo watu waliandika hadi blogu yako ikaonekana, na nafasi yako kwa wastani. Makala zilizo nafasi ya 8 hadi 20 ndizo za kushughulikia kwanza, kwa sababu zinakaribia ukurasa wa mbele. Ongeza kinachokosekana: kipimo, muda, picha ya hatua iliyo ngumu, jibu la swali ambalo watu wanaliuliza kwenye maoni. Usibadilishe anwani ya makala, maana ukibadilisha bila kuelekeza ya zamani kwenda kwenye mpya, viungo vyote vilivyosambazwa WhatsApp vinakufa.

Unganisha makala zako zenyewe kwa zenyewe. Aliyesoma kutoa shombo ya sangara aone kiungo cha supu ya sangara. Na usinakili mapishi ya blogu nyingine neno kwa neno. Google huchagua nakala moja ya kuonyesha, na mara nyingi si yako. Isitoshe, tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayolinda maandishi na picha za mwenzako kama zinavyolindwa zako.

Ukifika hapo, makala moja nzuri kwa wiki inatosha kabisa.

SWALI: Kijana aliyenitengenezea tovuti ya duka amehamia mkoa mwingine na hapokei simu. Tovuti imezimika. Nifanye nini?
*Mwenye duka la vipuri, Igoma*

JIBU: Kwa kawaida tovuti huzimika hivyo kwa sababu jina la kikoa (anwani ya tovuti) au malipo ya hifadhi (huduma ya kampuni inayoiweka tovuti hewani) yameisha muda na taarifa za kulipia zinakwenda kwenye barua pepe ya fundi. Tafuta taarifa za jina hilo kwenye huduma ya Whois uone limesajiliwa kupitia kampuni gani na linaisha lini. Waandikie kampuni hiyo, ukiambatisha usajili wa biashara, risiti ulizomlipa fundi na kitambulisho, uombe jina lihamishiwe kwako. Ukiwahi kabla halijaachiwa sokoni, uwezekano ni mkubwa. Likishanunuliwa na mwingine, ni kazi ngumu.

Kwa wengine ambao tovuti zao bado ziko hewani: leo hii hakikisheni mna vitu vitatu mikononi mwenu, si mwa fundi. Akaunti ya jina la kikoa, iliyosajiliwa kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara. Akaunti ya hifadhi. Na nywila ya msimamizi mkuu wa tovuti. Fundi apewe akaunti yake ndogo inayoweza kufutwa. Weka tarehe ya kulipia kwenye kalenda ya simu, siku 30 kabla. Na kila mwezi pakua nakala ya tovuti nzima uihifadhi nje ya hifadhi hiyo. Fundi mwaminifu hatachukia. Fundi anayekataa kukupa nywila za mali yako, usimpe kazi.

SWALI: Nashona mabegi ya kitenge hapa Nansio. Wateja wa Dar es Salaam wananipenda lakini mizigo inachelewa, na mmoja amekataa kupokea. Nifanyeje?
*Fundi cherehani, Ukerewe*

JIBU: Dada, mzigo wako una safari mbili, ya majini na ya barabarani, na kila moja ina ratiba yake. Ukiahidi siku mbili unajifunga kamba. Meli ikifika Mwanza jioni, huenda basi la Dar limeshaondoka, na mzigo unalala. Barabara yenyewe inazidi kilomita 1,100. Ahidi siku nne. Mzigo ukifika siku ya tatu mteja anafurahi.

Tafuta mtu mmoja mwaminifu Mwanza wa kupokea mzigo bandarini na kuufikisha kituo cha mabasi cha Nyegezi, umlipe kwa kila mzigo, na gharama hiyo iingie kwenye bei. Funga mabegi kwanza ndani ya plastiki kwa sababu ya maji ya ziwa, ndipo uweke kwenye boksi au kiroba. Andika jina, namba mbili za simu na kituo cha kushukia kwa kalamu isiyofutika, nje ya mzigo na tena kwenye karatasi ndani, kwani lebo za nje hubanduka. Kwa Dar taja Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, au ofisi ya basi ambayo mteja ameichagua, usiandike "Dar" peke yake. Ofisi ya basi ikiuliza kilichomo, taja vitu na thamani yake na hakikisha vimeandikwa kwenye risiti. Ukiandika "kifurushi" tu, kikipotea huna cha kudai. Mtumie mteja picha ya risiti, namba ya gari na simu ya ofisi ya kupokelea siku hiyohiyo.

Kuhusu kukataa kupokea: mteja wa mbali alipe yote, au angalau malipo ya awali yanayofunika kitambaa, usafiri wa kwenda na wa kurudi. Hapo akikataa, umepoteza muda tu. Begi la oda maalumu, lenye jina lake au rangi yake, lilipwe lote kabla hujakata kitambaa. Na wewe nawe uweke picha tano za kweli na vipimo vya begi kwa sentimita, kwa sababu wengi wanaokataa mzigo hukataa baada ya kukuta begi ni dogo kuliko walivyoliona kwenye picha.

Kwa wateja wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo unaotoka Mwanza hausubiri tena kivuko, na unaweza kufika siku hiyohiyo.

SWALI: Namba yangu ya WhatsApp imefungiwa baada ya kutuma tangazo la simu za mkononi kwa watu kama 300. Ninatumia ile WhatsApp iliyoongezewa vikorombwezo. Inarudi?
*Kijana wa Nyakato*

JIBU: Omba uhakiki ndani ya programu yenyewe, ueleze kwa ufupi kwamba ni namba ya biashara. Wakati mwingine hurudi. Lakini ondoa kwanza hiyo iliyoongezewa vikorombwezo na uweke WhatsApp Business halisi, kwa sababu programu zisizo rasmi ni sababu tosha ya kufungiwa hata kama hujatuma tangazo lolote.

Kilichokuponza zaidi ni wapokeaji waliobonyeza kuripoti. Watu ambao hawakuhifadhi namba yako na hawajawahi kununua kwako wakipata tangazo ghafla, wachache wakiripoti siku moja inatosha. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua hadi watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Basi fanya kazi na hilo: kila mnunuzi muombe ahifadhi namba, na muulize kama angependa kupata bei mpya. Anayesema ndiyo mwandike. Gawa orodha kwa wanachonunua, walionunua chaja wasipate tangazo la vioo. Usiwaingize watu kwenye kundi bila kuwauliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa jumbe zisizoombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uwe na sababu halali ya kushika namba za watu.

Nakili majina na namba za wateja kwenye daftari au jedwali nje ya WhatsApp: jina, namba, alichonunua, tarehe, mtaa, na amekujuaje. Akaunti inaweza kufungwa saa yoyote, lakini daftari linabaki lako. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na usimtajie mtu yeyote msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu.

SWALI: Lazima niwe na TIN na leseni kama nauza mtandaoni tu, sina fremu?
*Muuza vipodozi, Mkuyuni*

JIBU: Biashara ni biashara, iwe na fremu au isiwe nayo. TIN hutolewa na TRA bila malipo. Ukitaka kutumia jina la duka badala ya lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni ni ya halmashauri: kwako wewe ni Jiji la Mwanza, wa Pasiansi na Nyakato ni Manispaa ya Ilemela. Siku ya kwanza TRA, uliza makadirio yako yanaanza lini na uandike tarehe za kulipa. Tunza kumbukumbu za mauzo na manunuzi, kwani mfumo wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo humtoza anayeweka kumbukumbu tofauti na asiyeweka, na mwenye nazo mara nyingi hupata nafuu. Kwa vipodozi hakikisha bidhaa zimesajiliwa na TBS. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimepigwa marufuku, na kuziweka kwenye katalogi ni kuwapa wakaguzi ushahidi wa picha.

Ukitaka kwenda mbele zaidi na kuchapisha habari na matukio, hapo unaingia kwenye Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Pitia ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa, hapahapa Mwanza, uwaeleze utakachochapisha kabla hujaanza.

KWA UFUPI

*Ninunue wafuasi 5,000 wa Instagram?* (Mkolani) Hapana. Hawanunui, na kwa kuwa hawagusi posti zako, hata wafuasi wa kweli wataziona kwa uchache.

*Blogger au WordPress?* (Nyegezi) Kama ni makala tu na hutaki gharama, Blogger, ukiiongezea jina lako la .co.tz. Kama unataka duka lenye kikapu na malipo, WordPress kwenye hifadhi ya kulipia, na uwe tayari kuisasisha kila wiki. Tovuti nyingi za WordPress huvamiwa kupitia programu-jalizi (plugin) zilizopitwa na wakati.

*Achari yangu ya maembe iwe na nini kwenye lebo?* (Kisesa) Jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi, jina na anwani ya mtengenezaji. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mwanza, watakuelekeza jinsi ya kwenda TBS.

*AdSense, huduma ya matangazo ya Google, imekubali blogu yangu lakini fedha haijaja.* (Musoma) Google hulipa ukifikisha dola 100. Kabla ya hapo, ukifika dola 10, wanatuma PIN kwa posta kuthibitisha anwani, kwa hiyo andika sanduku la posta ambalo kweli unalifungua, lenye jina lilelile la kwenye akaunti. PIN isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo huacha kuonekana. Ikichelewa, omba nyingine ukiwa ndani ya akaunti, na umwachie karani wa posta namba yako ya simu.